Mkataji wa sare aliyeifundisha programu kuchora mabega mawili

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mvua ya usiku imekatika alfajiri. Anga ni jeupe, kuna ubaridi kidogo, na barabara hazina vumbi.

Saa moja na nusu asubuhi, taa zote zinawaka katika karakana ya kushona sare iliyo nyuma ya ghala la nafaka. Cherehani bado zimekaa kimya. Mafundi wameizunguka mashine inayochapa karatasi ndefu za vielelezo vya nguo, na hakuna anayejifanya ana shughuli nyingine.

"Sogeeni jamani, hata karatasi inahitaji kupumua," anasema msimamizi wa karakana. Ni mzee ambaye shati lake halijawahi kuonekana na kunyanzi hata moja, ndiyo maana mafundi wanamwita Pasi, mbele yake na nyuma yake.

Karatasi inatoka polepole. Unaonekana mstari wa shingo, wa bega, wa kwapa, kisha wa kiuno. Karatasi zote zilizotangulia zilikuwa na nusu ya gauni. Hii ina gauni zima, kulia na kushoto, na bega la kushoto limechorwa juu kuliko la kulia.

Wa kwanza kuigusa ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, futi kamba ikining'inia shingoni. Karakana nzima inamwita Sentimita. Anaiweka karatasi mezani juu ya kitambaa, anatuliza kiganja juu yake, anafumba macho. Midomo inacheza kidogo.

"Amina," anasema Pasi, ambaye hakuulizwa. "Haya, kata."

Mkasi unaingia kwenye kitambaa.

Gauni hilo ni la mdogo wake Sentimita, mfanyakazi wa mapokezi katika zahanati ya jirani. Na maelekezo yaliyoiambia kompyuta ichore bega moja juu na lingine chini yameandikwa na Sentimita mwenyewe, ndani ya programu inayotumiwa na mafundi wa nchi nyingi asiowajua na ambao huenda asiwaone kamwe.

Sentimita alishika mkasi akiwa binti mdogo, chumbani kwa shangazi yake. Shule aliiacha mapema. "Haikuniacha yenyewe, mimi ndiye niliyeiacha, kwa sababu nyumbani palihitaji mtu wa kushona," anasema. Leo ndiye mkataji mkuu wa karakana. Mshahara wake unaishia kwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, na kinachobaki anakipeleka kwenye masomo ya jioni.

Darasa la jioni linakaa katika chumba cha shule ya msingi. Madawati ni ya watoto wadogo, hivyo wanafunzi hukaa magoti yakigonga meza. Kuna mpishi wa hoteli, mlinzi wa benki, na dereva mstaafu wa malori ambaye hata darasani hukaa karibu na mlango. Mwalimu wao ni kijana mdogo kuliko wote. Kwa heshima aliyolelewa nayo, hawezi kumkosoa mtu kabla hajamwamkia.

"Anakuja mgongoni kwako taratibu," anasimulia Sentimita akicheka. "Anasema, shikamoo mama. Ukiisikia tu hiyo shikamoo, ujue kuna kosa kwenye skrini yako."

Alianza masomo kwa sababu ya mdogo wake.

Mdogo huyo alizaliwa na uti wa mgongo uliopinda. Bega lake la kushoto limepanda, la kulia limeshuka. Anatembea vizuri, anafanya kazi vizuri, na wagonjwa wanampenda kwa maneno yake. Lakini kila sare aliyowahi kupewa ilimvuta upande mmoja, shingo ikienda kwapani na pindo likining'inia. Ndiyo maana, jua liwake lisiwake, alikuwa akikaa mapokezi na sweta.

"Sare yangu ikija huwa naitazama kwanza kwenye hanga," anasema mdogo mtu. "Kwenye hanga inapendeza sana. Shida inaanza nikiingia mimi."

Dada yake angeweza kumshonea gauni la pembeni, kwa mkono. Aliwahi kujitolea, akakataliwa.

"Nilimwambia, dada, sitaki ya kuonewa huruma. Nataka niitwe jina kwenye foleni kama wenzangu, nipokee, nivae, nirudi kazini. Basi."

Jibu hilo, asema Sentimita, lilimkaa moyoni kama pini iliyosahaulika kwenye kola. Maana sare za zahanati zilikuwa zinakatwa na karakana yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, na bado hakuwa na la kufanya.

Sababu ilikuwa ndani ya kompyuta. Fundi akikata, hukunja kitambaa katikati na kulaza juu yake kielelezo cha nusu ya nguo. Programu nayo ilijengwa hivyo hivyo. Inapima upande mmoja, inachora nusu, na nusu ya pili inainakili. "Ilikuwa inaamini kwamba mtu yeyote ukimkunja katikati, pande zake zitalingana," anasema Sentimita.

Pasi naye ana sheria yake. Miaka ya nyuma mkataji mmoja alirekebisha vielelezo kwa kalamu, na robota zima la kitambaa cha mteja likaharibika. Tangu hapo hakati mtu ila kwa kielelezo kilichotoka kwenye toleo rasmi la programu. Sentimita alipomwendea na shida ya mdogo wake, mzee hakulegea.

"Likitoka toleo rasmi lenye mabega mawili, nitalichapa kwa mkono wangu," alimwambia. "Lisipotoka, mdogo wako atavaa sweta, na mimi nisilaumiwe."

Zahanati hubadilisha sare kila baada ya miaka miwili. Zamu iliyokuwa inakuja ilikuwa ya mwezi Mei. Toleo jipya la programu lilikuwa linafungwa mwisho wa Aprili. Hapo ndipo mahali pa Sentimita pa kupita, na palikuwa pembamba.

Kilichompa matumaini ni maneno ya mwalimu wake wa jioni, kwamba programu ile ni huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, uko wazi kwa kila mtu. Yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuurekebisha, kisha kuwapelekea marekebisho wale wanaoitunza. Wakiridhika, wanayaingiza, na toleo linalofuata linawafikia watumiaji wote.

"Nikamuuliza mwalimu, hata mimi? Akasema, shikamoo mama, hata wewe."

Lakini mwalimu hakumruhusu kuanza na bega. Alimwambia asome kwanza ukurasa wa wageni wa mradi wa programu hiyo, ambao unaeleza taratibu za kazi, kisha atafute kitu kidogo. Sentimita alikipata kwenye ukurasa wa msaada. Palielezwa namna ya kupima mgongo, ila hapakusemwa futi ianzie wapi. Akaandika kwamba ianzie kwenye mfupa unaochomoza chini ya shingo, mpimwaji akiinamisha kichwa. Akatuma. Baada ya siku chache maneno yake yakaingizwa, na chini yake pameandikwa asante.

"Nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Mume wangu alikuja mbio akidhani nimeungua."

Ndipo akaandika kuhusu bega. Alieleza tatizo, akaweka picha ya sare ikiwa kwenye hanga na picha nyingine ikiwa mwilini kwa mdogo wake, kwa ruhusa yake. Aliyemjibu ni mlezi wa programu, mmoja wa wanaoitunza, mwanamke wa nchi ya mbali ambaye zamani alikuwa anashona mavazi ya maigizo. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, na darasa zima la jioni likainamia skrini kulifasiri. Lilisema tatizo ni la kweli. Kisha likauliza kama mama huyu angependa kulirekebisha mwenyewe, nao wamwongoze.

"Mimi nilidhani nikishasema watakuja wenyewe, kama fundi bomba," anakiri.

Pale darasani dereva mstaafu alimgeukia. "Umeitwa kazini, Sentimita. Mshahara haujatajwa, lakini umeitwa."

Akaitikia wito. Miezi iliyofuata alikuwa akitoka karakana, anapita nyumbani kuonja chakula kilichopikwa na watoto, kisha anakwenda darasani. Kila jioni kabla ya kuwasha kompyuta aliomba Mungu amfungulie akili. Hakuona haya kuomba mbele ya wenzake. Alinakili programu kwenye kompyuta ya darasa, akasoma sehemu inayochora mabega mstari kwa mstari, akagundua kwamba haikuwa ngeni kwake. "Ni maelekezo tu. Chukua hiki, toa hiki, ongeza hiki, rudia upande wa pili. Ndivyo ninavyomwelekeza fundi mpya."

Mwezi Machi akatuma badiliko lake, likakataliwa na mashine.

Katika mradi ule, kila badiliko linapofika, kompyuta hulijaribu kabla mtu hajalisoma. Huchora nguo za watu wa mfano na kuzilinganisha na zile zilizokwisha kukubaliwa. Zikilingana inatoa alama ya kijani. Zisipolingana inatoa nyekundu. Mtu wa mfano mwenye mabega sawasawa alitakiwa apate gauni lilelile la zamani. Kwa msimbo wa Sentimita alipata gauni lililotanuka upande mmoja.

"Nilikasirika. Nilisema mashine inanionea."

Ili kuthibitisha, alichapa kielelezo kwa vipimo vya mdogo wake, akakata shuka kuukuu, akashona harakaharaka, akamvalisha sebuleni. Mdogo mtu alijitazama, akaushika upande wa kulia na kuuvuta nje.

"Dada, humu ndani mna chumba cha mpangaji."

Walicheka mpaka wakaketi chini. Na pale chini, futi kamba mkononi, Sentimita akaliona kosa lake. Lilikuwa kosa la mkataji, kosa ambalo mtu wa kompyuta asingelifanya. Ukimuuliza mkataji wa karakana upana wa bega, hakutajii bega tupu. Anakutajia na nafasi ya mshono ndani yake, kwa sababu mkono umeshazoea kuongeza kabla ya kusema. Programu haifanyi hivyo. Inashika kipimo cha mwili, na nafasi ya mshono inaiongeza yenyewe mwishoni kabisa. Upande mpya ulikuwa unaongezewa mara mbili.

Aliandika kwenye ukurasa wa mradi, mbele ya macho ya wote, kwamba mashine ilikuwa sahihi na mkono wake ndio uliozidisha. Akaeleza ni kwa nini. Alitarajia kukaripiwa. Mlezi akajibu: "Karibu. Sisi tuliotoka kwenye mkasi wote tumejikwaa hapo. Mimi nilijikwaa mara mbili."

Akarekebisha. Alama ikawa ya kijani. Lakini Aprili ilikuwa imeshaingia, na hapo ndipo palipozuka pingamizi.

Mwandishi mmoja wa msimbo, wa siku nyingi katika mradi, alisema hakubaliani. Badiliko lilikuwa linamtaka kila fundi apime kila kitu mara mbili. Kazi itakuwa nzito, mafundi wataikimbia programu, na wenye mabega tofauti, aliandika, ni wachache mno.

"Sikulala vizuri," anasema Sentimita. "Mdogo wangu alikuwa haniulizi, na kule kutoniuliza ndiko kulikoniumiza. Nikamwomba Mungu anipe neno la kujibu. Asubuhi nikaingia kazini, nikaitazama hii futi shingoni, nikasema, kumbe neno lenyewe nimelivaa."

Wakati wa chakula cha mchana alianza kuwapima wenzake waliokubali, bega la kulia kisha la kushoto. Mafundi walikaa mkao wa kuvizia utani. Aliyeshona vifungo maisha yake yote, bega lake moja lilikuwa mbele. Mama wa cherehani ya kona, moja lilikuwa refu. Pasi akasimama katikati ya chumba, shati limenyooka kama ubao.

"Nipime mimi, muone mtu aliyenyooka."

Sentimita akapima. Akapima tena.

"Mzee, la kulia limeshuka."

"Hiyo futi yako imelegea."

"Futi haina kosa, mzee wangu. Ni marobota uliyobeba ujanani."

Karakana ililipuka kwa kicheko. Pasi alikwenda kwenye kioo cha wateja, akajitazama muda mrefu kuliko alivyotaka kuonekana. Aliporudi alisema neno moja: "Andika." Kisha akaongeza, "Jina usiandike."

Vipimo vikatumwa bila majina. Kesho yake yule mpinzani akajibu kwamba amejipima mbele ya kioo chake na amekubali kwamba upande wa pili unahitajika. Ila aliomba jambo. Programu iendelee kuuliza upande mmoja kama kawaida, na iwekwe sehemu ya kubonyeza kwa fundi anayemwona mteja wake ana tofauti.

Sentimita anasema ukweli kuhusu siku hiyo. "Wazo lake lilikuwa zuri kuliko langu. Nililikataa kwa ukaidi tu. Nikaomba, nikalala, nikaamka nimelikubali. Nilikuwa nataka bega la mdogo wangu lipite, si kwamba mimi nishinde."

Akafanya marekebisho hayo jioni baada ya jioni, mlezi akimwonyesha pa kushika. Katika wiki ya kufunga toleo, darasa likiwa katikati ya somo, ujumbe ukatokea kwenye skrini. Badiliko limekubaliwa. Limeingizwa. Litatoka na toleo jipya.

Mwalimu alikuja nyuma yake taratibu.

"Shikamoo mama," alisema. "Hapo hujakosea."

Mlinzi wa benki alipiga dawati hadi walimu wa chumba cha jirani wakachungulia. Dereva mstaafu alipiga honi kwa mdomo. Sentimita alifunika uso kwa khanga na kulia machozi ya shukrani. Toleo likatoka, Pasi akalisoma mwenyewe kutoka juu hadi chini, na asubuhi hii ya Jumanne akabonyeza kitufe cha kuchapa kwa kidole chake, kama alivyosema.

Ijumaa wafanyakazi wa zahanati wanakuja kuchukua sare. Chumba cha mbele kimejaa. Wapo mafundi, yupo mwalimu wa jioni na dereva mstaafu, ambao wameomba waje waone. Pasi anasoma majina kwa sauti ile ile kwa kila mtu. Anapofika kwa mdogo wake Sentimita hasiti, hapunguzi sauti wala haongezi. Anamkabidhi gauni lililokunjwa kama mengine yote, na mwanamke huyo anaingia nyuma ya pazia.

Sentimita anatazama sakafu.

Pazia linafunguka. Shingo ya gauni imekaa katikati. Mabega yamekaa kila moja mahali pake, la juu juu na la chini chini, na kitambaa hakimvuti popote. Pindo limelingana pande zote. Sweta lipo mkononi, limekunjwa. Anasimama kwenye mstari na wenzake, na mwenzake wa maabara anamgeukia.

"Wewe, mbona lako limekukaa kuliko langu?"

"Kawaulize karakana," anajibu, na kicheko chake kinajaza chumba.

Furaha hiyo haijatulia mwalimu anapouliza kuhusu barua. Juzi mlezi wa programu alimwandikia Sentimita. Tangu toleo litoke, mafundi wengi wanatuma kazi zao za kwanza, watu wa mkasi wasiojua taratibu za msimbo, na mradi unahitaji mtu wa kuwapokea. Anaombwa awe yeye. Hajajibu.

"Nani, mimi?" anasema. "Kiingereza changu mnakijua. Nami ni mwanafunzi bado. Nitamkosoaje mtu?"

"Utaanza na shikamoo," anasema dereva mstaafu, na mwalimu anainamisha kichwa kwa aibu huku wote wakicheka.

Kisha Sentimita anaeleza kilichomzuia usingizi. Kuna fundi mmoja, wa mbali, anayeshonea watu wanaotumia viti vya magurudumu. Alitaka programu ichore suruali kwa mtu aliyeketi, si aliyesimama. Alituma badiliko lake la kwanza, likapata alama nyekundu. Ameandika anaomba radhi kwa kuwasumbua, na anataka aliondoe.

Mdogo wake anasogea karibu, akiwa ndani ya gauni lake jipya.

"Sasa dada, huyo anajibiwa na nani?"

Sentimita anawatazama wote, mafundi, wafanyakazi wa zahanati, Pasi, mwalimu wake. Anavua futi kamba shingoni na kuizungusha kiganjani. Anaponyanyua sauti, inafika hadi kwenye cherehani za nyuma.

"Naahidi mbele yenu, na Mungu ananisikia. Yule fundi nitamjibu mimi, leo hii. Nitamwambia asiondoe kitu. Nitakaa naye mstari kwa mstari mpaka alama yake iwe ya kijani. Na atakayekuja baada yake na kazi yake ya kwanza, nitampokea mimi vilevile. Mkisikia nimemwacha mtu mlangoni, njooni mniulize."